Jinsi ya kubuni kitu kipya ukiwa hapa hapa Kisumu

Ukisoma historia ya uvumbuzi vizuri utaona vitu vingi vikubwa vilianzia kwa fundi aliyeletewa kitu kimeharibika akakataa kukirudisha kabla hajaelewa shida iko wapi. Hiyo njia hata wewe unaweza kuifuata, uwe Kibuye ama Nakuru mjini.

Kwanza tafuta kero. Wazo achana nalo kwanza. Mwaka wa 1763 James Watt alikuwa fundi wa vyombo pale chuo kikuu cha Glasgow, akaletewa modeli ya injini ya mvuke ya Newcomen, zile zilizokuwa zikivuta maji migodini tangu 1712. Akaitengeneza lakini inapiga mara chache tu mvuke unaisha. Mwingine angesema kazi imeisha nipe pesa yangu, yeye akataka kujua huo mvuke unaenda wapi, ndio akagundua silinda inapata moto, alafu inamwagiwa maji baridi ndani, alafu inapata moto tena, kila pigo hivo hivo, na makaa mengi yanaishia kupasha chuma bure. 1765 akapata jibu: mvuke upozwe kwa chombo kingine pembeni, silinda ibaki moto saa zote.

Sasa hapa ndio wengi huruka. Hilo wazo lilikaa miaka kama kumi bila injini ya maana kuuzwa, manake hakukuwa na mtu wa kutoboa silinda kubwa ikatoka duara sawasawa, mvuke ulikuwa unatoroka tu pembeni. Aliyemfaa ni John Wilkinson, mtu wa kutoboa mizinga ya vita, na mashine yake ya 1774. Kufika 1776 injini za Watt zikawa kazini. Kwa hivyo ukishajua kero yako vizuri, ipeleke kwa fundi wa kazi tofauti kabisa na yako, mimi naona hiyo ndio siri yenyewe.

Chukua mfano wa omena, wale samaki wadogo wa ziwa. Nenda Dunga, ule ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, asubuhi ukae na mama anayeanika, usiende na suluhisho mfukoni. Muulize mvua ikinyesha anafanyaje, mchanga unaingiaje, ile imeharibika anauzia nani na anapoteza pesa ngapi, maana omena ikilowa mara nyingi huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Andika kwa maneno yake. Alafu hiyo daftari mpelekee mtu wa grinhausi kule Nakuru, yeye kila siku anapambana na jua, karatasi ya nailoni na hewa ya kupita, na pengine hajawahi kufikiria samaki. Na welda awe hapo pia, akuambie mapema fremu ya nyumba yako ya kuanikia omena itasimama ama ni ya kuchora tu.

Ukianza kujaribu, angalia hata kile hukuwa unatafuta. Pale Mbita, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan walipanda mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi ili kufukuza wadudu wanaotoboa shina, kumbe kayongo nayo, lile gugu la maua ya zambarau linalowamaliza wakulima wa Nyanza na Western, ikaanza kupungua mle mle. Desmodiamu yenyewe ni chakula cha ng'ombe. Mimi hii stori huwa inanifurahisha sana kwa sababu ilitokea hapa kwetu, na ingepotea kama kungekuwa hakuna mtu wa kutembea shambani akiangalia chini.

Pesa tafuta baadaye. Tengeneza nyumba moja ndogo ya kuanikia, ya mbao na nailoni hata kama haipendezi, umwachie mama wa Dunga msimu mzima wa mvua. Usimuulize kama ameipenda, watu wetu wana heshima atasema ni nzuri. Pita siku ya mawingu bila kumwambia, uone kama omena iko ndani yake ama amerudi kuanika kwa neti chini.