Somo: Kutengeneza utando wa nanochembe za dhahabu na kupima eneo lake halisi

Utando wa nanochembe (chembe za ukubwa wa nanomita) haustahili kuitwa kichocheo bora, yaani kiharakisha mmenyuko, kabla ya eneo lake halisi kupimwa, kwa kuwa mkondo mkubwa wa umeme huweza kutokana na ukubwa wa uso peke yake.

Hatua ya 1. Kwa njia ya sitrati iliyochapishwa na Turkevich na wenzake mwaka 1951, chemsha mmumunyo hafifu wa asidi ya klorauriki (asidi yenye dhahabu), kisha mimina sitrati ya sodiamu kwa mara moja huku ukikoroga, hadi rangi iwe nyekundu iliyokolea.

Hatua ya 2. Paka silani yenye amino (kiunganishi cha silikoni kinachoshika kioo) juu ya kioo chenye oksidi ya indiamu na bati, ambayo hupitisha umeme, kisha kitumbukize katika mmumunyo huo kwa saa kadhaa. Sitrati huzipa chembe chaji hasi, hivyo hushikwa na amino yenye chaji chanya, lakini pia husukumana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana tabaka la kwanza hubaki na mapengo. Ukitaka tabaka jingine, tumia ditioli (molekuli yenye salfa pande zote mbili) kama kiungo, na usuuze kila mara.

Hatua ya 3, ambayo wengi huiruka. Katika asidi ya salfuriki ya molari 0.5, pandisha volteji ya utando hadi oksidi ya dhahabu ijengeke, kisha ishushe. Kilele cha mkondo wa kuiondoa oksidi hiyo hutokea karibu na volti 0.9 dhidi ya elektrodi rejea (ile ya kulinganishia volteji) ya fedha na kloraidi ya fedha. Gawanya chaji ya kilele hicho kwa mikrokulombi 390 kwa sentimita ya mraba, nawe utapata eneo halisi. Kikomo cha juu cha volteji kisibadilike kati ya sampuli, kwani kiasi cha oksidi hukitegemea.

Maswali ya wanachama

Mbona utando wangu umegeuka kuwa wa buluu?
Chembe zimekaribiana mno, na mitikisiko ya elektroni zake inaathiriana.

Kilele changu hupungua kila mzunguko. Je, chembe zinabanduka?
Huenda, lakini kagua kwanza kloraidi inayovuja kutoka kwenye elektrodi rejea, kwa sababu huiyeyusha dhahabu katika volteji za juu. Elektrodi ya salfati ya zebaki huondoa shaka hiyo.

Naweza kutumia fedha badala ya dhahabu?
Utando unaweza kuutengeneza, ila kipimo cha hatua ya 3 hakifai, kwa kuwa fedha huyeyuka kabla ya kufikia volteji hizo.