Kubana nywele za asili kisogoni kwa ajili ya shughuli

Fundo linalokaa vizuri hadi usiku huanza kutengenezwa siku moja kabla. Kosa linalorudiwa sana ni kuosha nywele asubuhi ya shughuli na kuzibana zikiwa mbichi. Maji hulegeza umbo la unywele, na umbo jipya hushika pale unapokauka. Nywele za kipilipili zikiachwa zikauke zenyewe hujikunja na kuwa fupi. Zikibanwa na unyevu wake, hukauka zikiwa zimejikunja chini ya mpira, na baada ya saa chache kichwa kimevimba. Kwa hiyo zinyooshe wakati zinakauka.

Osha kwa shampuu mara mbili, maana mafuta ya zamani huzuia jeli isishike. Paka kondishina, chana kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani ukipanda taratibu hadi kwenye mashina, kisha suuza. Kausha kwa fulana ya pamba, kwani taulo hukwaruza na kutimua nywele.

Gawa kichwa mafungu 8 hadi 10. Kila fungu lipake krimu isiyosuuzwa kiasi cha punje ya mahindi, kisha lisuke kwa uzi wa kusukia. Zungusha uzi mara tatu kwenye shina, kisha shuka nao hadi nchani, mkono mmoja ukivuta fungu liwe limenyooka. Shina lisikazwe mpaka ngozi ikainuka. Lala hivyo na kilemba chepesi. Asubuhi gusisha mashina kwenye mdomo: ukisikia ubaridi, bado kuna maji. Pitisha drayer ya moto wa wastani, umbali wa sentimita 15, mpaka ubaridi uishe.

Kabla jeli haijafika kichwani, changanya tone lake na tone la ile krimu nyuma ya kiganja. Zikigawanyika na kuacha chembe nyeupe, ndivyo zitakavyofanya kichwani, na watu watadhani una mba. Badilisha mojawapo. Jaribio hili linachukua nusu dakika na ni bora ulifanye wiki moja kabla, upate muda wa kutafuta nyingine.

Sasa fumua nyuzi na uchane. Kwa kitana cha mkia piga njia kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini. Bana fungu la nyuma kwanza, peke yake, kwa mpira uliofunikwa kitambaa. Mpira mtupu hukata nywele. Hapa ndipo wengi hukosea: wanainamisha kidevu ili mikono ifike vizuri. Kichwa kikiinama ngozi ya kisogo hunyooka, na ukikiinua tu, nywele za chini zinalegea na kufanya tumbo. Inua kidevu kidogo, utazame juu ya kioo, ndipo ukaze.

Fungu la mbele ligawe mara mbili. Lipulizie maji kidogo juu juu, paka jeli kijiko kimoja cha chai kila upande, na usukume nyuma kwa brashi ngumu mpaka lifike kwenye mkia wa kwanza, kisha funga mpira wa pili juu ya ule wa mwanzo. Nywele za mwanzo wa paji zilaze kwa mswaki laini wenye jeli kidogo sana. Funga skafu ya satini kwa dakika 20 hadi 30, bila kuigusagusa. Unapoivua, itelezeshe kuelekea nyuma. Ukiinyanyua kwenda juu itainuka na nywele.

Mkia ukiwa mfupi, kata vidole vya soksi yenye rangi ya nywele zako, iviringishe iwe duara, ipitishe kwenye mkia na uzifunike nywele juu yake. Ukiwa mrefu, usokote na kuuzungusha kufuata upande huohuo uliosokotea. Pini 6 zinatosha zikichomekwa sawasawa: nasa nywele za ukingo wa fundo, gusa kidogo nywele za kichwani, kisha geuza pini na kuisukuma kuelekea katikati ya fundo. Pini iliyochomekwa moja kwa moja huteleza ikatoka. Kwa vibanio bapa, upande wenye mawimbi uelekee kichwani.

Inua nyusi ili kupima kama umekaza mno. Pembeni pakiuma, au vipele vidogo vimejitokeza, legeza hapohapo hata kama pamelala vizuri sana. Mashina ya pembeni yakivutwa hivyo mara kwa mara, nywele hukatika, na mwishowe huenda zisiote tena.

Usiku ukirudi, toa pini zote, kisha lowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka jeli iteleze vidoleni, ndipo uguse chanuo. Jeli kavu ikichanwa hung'oka pamoja na nywele.