Gothi ofisini Mwanza: namna ya kuvaa weusi wako bila kuhatarisha ajira

Mwongozo huu ni wako wewe unayependa mtindo wa gothi, yaani weusi, lesi, mahameli, vito vya fedha na buti nzito, huku mshahara wako ukitoka kwa watu wanaotaka kukuona na suti. Mimi ni mkaguzi wa hesabu hapa Mwanza. Wiki hii niko kwenye ofisi yenye kiyoyozi katikati ya mji, wiki ijayo niko kwenye kiwanda cha minofu ya sangara au cha kuchambua pamba. Hatua hizi ndizo ninazoishi nazo. Wenzangu wa roki, panki na rasta mchukue zinazowafaa.

Hatua ya 1: Soma kanuni kabla hujafungua pochi

Nguo zisubiri kwanza. Kama ni mtumishi wa umma, upo waraka wa mavazi wa mwaka 2007. Mwombe ofisa utumishi akupe uusome mwenyewe, usitegemee ya kusimuliwa. Kwenye kampuni binafsi angalia mkataba na kijitabu cha wafanyakazi. Utakuta kanuni nyingi zinahangaika na nguo fupi, za kubana na za kuonyesha mwili. Sisi wa gothi tuna sketi ndefu, kola za kusimama na mikono inayofika kwenye kiganja, kwa hiyo hapo tuko salama kuliko wengi.

Usitegemee sheria ikubebe, lakini. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na umri. Mtindo wa mavazi haumo. Rasta anayefuga nywele kwa imani ana hoja ya dini ya kuweka mezani. Wewe na mimi tuna mazungumzo tu, na mazungumzo humwendea vizuri mtu ambaye kazi yake haina dosari.

Hatua ya 2: Anza na vitu ambavyo macho ya watu yameshavizoea

Hapa ndipo wengi wanapopoteza vita isiyo ya lazima. Wanaagiza kila kitu kutoka nje na kukivaa chote Jumatatu. Tazama kwanza tulichonacho. Wanja ni wa bibi zetu. Mstari mmoja mwembamba, uliochorwa kwa mkono uliotulia, hakuna mteja atakayeushangaa. Kipini cha pua wanawake wa pwani wamekivaa vizazi na vizazi, na kidogo cha fedha kinapita ofisi nyingi, wakati pete ya katikati ya pua au ya kwenye nyusi inazua kikao. Ukipenda vidole vyeusi, rangi ya kucha inatosha. Usipake piko kwenye ngozi. Piko ni rangi ya nywele, na rangi nyeusi za nywele huwa na kemikali inayoweza kukuunguza na kukutoa malengelenge.

Jua pia weusi unasomekaje huku kwetu. Kwa watu wengi nguo nyeusi juu hadi chini ni msiba, na kaniki kwa mzee wa Kisukuma inaweza kumkumbusha mganga. Mafuvu, misalaba iliyopinduliwa na nyota za kuchora acha nyumbani siku za kazi. Utaitwa Freemason kabla ya saa nne, na uvumi wa namna hiyo Kanda ya Ziwa si wa kuuchezea. Watu wameumizwa kwa tuhuma nyepesi kuliko hizo. Mimi huvunja weusi kwa kitu kimoja: blauzi nyeupe, au skafu ya damu ya mzee. Kinachobaki, shikamoo yenye heshima kwa wakubwa huwa inakimaliza.

Hatua ya 3: Weusi uwe mweusi kweli

Ukiniuliza ni kitu gani kinachomharibia gothi jina ofisini, nitakuambia ni weusi uliopauka. Mabosi wanavumilia rangi nyeusi. Hawavumilii suruali iliyogeuka kahawia magotini na koti lenye mabega ya kijivu, na wana haki, kwa sababu inaonekana ni uzembe.

Nunua vizuri. Kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja, fika asubuhi belo zinapofunguliwa, na usichague chini ya turubai: toka na nguo juani. Nyeusi ya kweli na bluu iliyoiva sana zinafanana kivulini, ukizivaa pamoja juani zinakuumbua. Geuza pindo uangalie rangi ya ndani. Ikiwa ndani ni nyeusi kuliko nje, nguo imeshapauka. Soma lebo ya kitambaa pia, kwa sababu itakuhusu baadaye.

Fua kwa maji ya baridi, nguo ikiwa imegeuzwa, mbali na nguo nyingine. Anika kivulini, ndani kukiwa nje. Jua letu linakula rangi haraka, na kamba iliyo juu ya bati ni mbaya zaidi. Piga pasi upande wa ndani, au weka kitambaa cha pamba juu yake, la sivyo unapata ule mng'ao wa matakoni na kwenye viwiko ambao hautoki tena.

Pamba ikipauka, irudishe. Rangi ya unga ya nguo inauzwa madukani: yeyusha kwenye sufuria kubwa ya maji moto, tia chumvi, zamisha nguo ikiwa imelowana tayari, koroga bila kuacha ili isitoke mabaka, kisha suuza mpaka maji yawe safi. Sufuria hiyo usiipikie tena. Poliesta haishiki rangi hii, ndiyo maana nilikuambia usome lebo. Hata uzi wa mshono mara nyingi ni poliesta: blauzi nyeupe ya pamba uliyoitia weusi itabaki na mishono myeupe.

Hatua ya 4: Peleka roho ya mtindo kwa fundi

Suti ya dukani ni ya kila mtu. Fundi mzuri wa cherehani anaifanya iwe yako bila ofisi kuona vita. Mwambie atoe vifungo vya plastiki aweke vya chuma kilichofifia. Abane kiuno kidogo, ainue kola. Halafu bitana: nje koti jeusi la kawaida kabisa, ndani zambarau au damu ya mzee. Ukilivua na kulitundika kwenye kiti, linaonekana kidogo tu. Lesi iwekwe ndani ya mkono wa blauzi, ichungulie kama upana wa kidole. Mweleze kwa picha, si kwa maneno, na umpe kipande cha kitambaa cha bei nafuu ajaribie kwanza.

Buti zipite, mradi zimefika kwenye kifundo na zimeng'arishwa. Beba kitambaa cha kufutia. Kutoka Mabatini au Isamilo hadi stendi ya daladala, vumbi limeshafika.

Hatua ya 5: Siku za kiwandani, vua

Kwenye kiwanda cha minofu huingii eneo la uzalishaji na pete, hereni, kipini wala kucha zilizopakwa rangi. Hayo ni masharti ya usafi wa chakula na yanamhusu kila mtu. Usibishane, kuwa na kikopo kidogo chenye mfuniko cha kuhifadhia vito. Kwenye pamba, vaa kijivu. Mahameli nyeusi itatoka humo imejaa nyuzi nyeupe.

Hatua ya 6: Uwe na jibu fupi

Utaulizwa. Mkuu wa kazi akiuliza, "Binti, nani amefariki?", usinune. Mimi hujibu, "Hakuna msiba, mzee, ndiyo rangi yangu," kisha narudi kwenye hesabu. Mwenye hamu ya kweli namweleza kwamba mtindo huu ulikulia kwenye muziki wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, kwamba klabu ya Batcave ilifunguliwa London mwaka 1982, na kwamba sehemu ya mavazi yake inatoka kwenye nguo za eda za enzi za Malkia Victoria, aliyefiwa na mumewe mwaka 1861 akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwaka 1901. Ni huyohuyo ambaye jina lake mpelelezi Mwingereza Speke alilipatia ziwa letu mwaka 1858, alipoliona akiwa upande huu wa Mwanza. Watu wanalipenda sana hilo.

Hatua ya 7: Jumamosi ni yako, vaa yote

Mtindo unaovaliwa nusu siku zote unachosha moyo, kwa hiyo wikiendi usibane. Koseti, mafuvu, wanja mpaka kwenye nyusi, picha kwenye mawe ya Capri Point jua likishuka. Picha hizo ziweke kwenye ukurasa tofauti na ule ambao wateja wako wanaujua, usio na jina la mwajiri wala kitambulisho cha kazi shingoni.

Ukitaka kuongeza kitu ofisini, ongeza kimoja, na ukilete wiki baada ya kukabidhi kazi iliyosifiwa. Kikipita miezi mitatu bila neno, ongeza kingine.