Makazi hai ya mjusi chui kwenye hewa ya Malindi

Makazi hai ni tangi lenye udongo, mimea na wadudu wanaokula uchafu wa mnyama. Mjusi chui asili yake ni nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Miongozo mingi ya kumfuga imeandikwa kwa watu wanaohangaika na baridi. Malindi maadui ni chumvi na unyevu. Kabla ya kununua chochote, ulizia kibali Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS).

Chukua tangi la kioo la sentimita 90 kwa 45, kimo 45, mfuniko wote uwe wavu. Udongo wa kina cha sentimita 10 ni ndoo mbili za lita 20: lita 24 za udongo wa shamba usiotiwa mbolea wala dawa, lita 12 za mchanga na lita 4 za makumbi yaliyochambuliwa.

Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufuoni una chumvi, na chumvi huua mizizi na wadudu wa udongoni. Makumbi pia yaangalie: yaliyofukiwa pwani ili yasokotwe kamba yameshakunywa maji ya bahari. Tafuta ya nazi zilizofuliwa karibuni, yaloweke siku nzima ukibadili maji mara tatu. Mchanga mtupu usitumie kamwe. Mjusi huumeza pamoja na nyenje, utumbo ukaziba.

Tia maji kidogo kidogo ukichanganya, kisha finya tonge mkononi. Likishikamana na kuvunjika ukiligusa kwa kidole, linafaa. Maji yakichuruzika kati ya vidole, anika udongo kwanza.

Mawe mazito yakae juu ya kioo chenyewe kabla ya kumwaga udongo, kwa sababu mjusi huchimba na jiwe lililoelea juu ya udongo humwangukia. Weka magae matatu ya chungu ya kujifichia: upande wa joto, upande wa baridi, na la katikati lenye makumbi yenye unyevu ndani. Hapo ndipo anapojivua ngozi. Akikosa unyevu, ngozi hukwama vidoleni, hubana damu na kidole hukatika.

Panda mshubiri mdogo na mkonge pori. Juu tandaza majani makavu ya mkungu. Ya mwarobaini hapana, yana sumu ya wadudu, nawe unataka wadudu waishi: kolembola, vijidudu vidogo vya udongoni vinavyorukaruka, na isopodi 20 hadi 30, wale wa kijivu wenye miguu mingi wanaokaa chini ya magogo. Hao ndio wanaokula kinyesi na ukungu. Wape wiki 4 hadi 6 wazaane kabla ya kumtia mjusi.

Taa ya joto iwe upande mmoja na ifungwe themostati, kifaa kinachodhibiti joto: chini yake nyuzi 32 hadi 34, upande wa pili usizidi 28. Wakati wa kaskazi, hilo la 28 ndilo gumu; hamishia tangi chumba kinachopigwa na upepo, na usiliweke juani hata dakika chache.

Usinyunyize maji hewani, hasa masika. Mimina mililita 200 kwenye kona ya baridi pale tu udongo ulipokauka kina cha vidole vitatu. Ukungu ukitanda, umezidisha maji au wavu umezibwa.

Miguu ya meza isimame ndani ya mikebe ya maji, la sivyo sisimizi watabeba isopodi wote na kumng'ata mjusi usiku. Kinyesi mjusi hukiacha kona ile ile. Isopodi hawakimalizi chote, kwa hiyo kiondoe kwa kijiko kila baada ya siku mbili tatu.