Gari Linachemsha? Niambie Kwanza Linachemsha Wapi

Dereva akiingiza gari gereji kwangu hapa Malaba, upande wa Uganda, huwa keshajipa jibu: "Fundi, rejeta imekufa." Mimi humuuliza kitu kimoja tu. Bosi, linachemsha wapi? Kwenye foleni, mlimani, au dakika chache baada ya kuliwasha asubuhi? Rejeta, ile inayopoza maji ya injini, husingiziwa sana, na kuibadilisha si hela ndogo.

Kabla ya yote, injini ipoe. Mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto usiuguse, maji ya ndani yana presha na yatakurukia usoni. Usiimwagie injini maji baridi pia, hedi, kile kichwa cha juu cha injini, inaweza kupinda au kupasuka. Ukiwa bado barabarani, zima AC, washa hita mpaka mwisho, fungua madirisha, tafuta pa kuegesha. Kisha subiri hata nusu saa au zaidi. Abiria watapiga kelele, waache wapige.

Likishapoa, tazama maji ndani ya rejeta yenyewe. Chupa ya akiba inaweza kuwa imejaa huku rejeta ni kavu, kwa sababu mfuniko uliochoka haurudishi maji. Yakiwa yamepungua, yametokea mahali. Piga tochi kwenye pampu ya maji: ina kitundu kidogo kwa chini, na pampu iliyokwisha huacha hapo mchirizi wa kulanti (dawa ya rangi ya kupoza injini) iliyokauka, wa waridi au wa kijani. Kagua mipira ya maji kwenye klipu zake, na pale plastiki ya rejeta inapoumana na bati. Kapeti ya mbele ikilowa na kunukia utamu-utamu, inayovuja ni rejeta ndogo ya hita.

Maji yako sawa? Sasa turudi kwenye swali langu.

Gari linalochemsha kwenye jamu ya Kibuye, Kampala, halafu linatulia likishika kasi lina shida ya upepo, yaani feni. Kwenye gari dogo lenye feni ya umeme, washa AC, feni izunguke. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei (swichi ya umeme ya feni), ndipo uishuku mota. Ikizunguka, usiridhike bado: weka karatasi mbele ya grili. Inatakiwa ivutwe na kunata pale. Ikisukumwa, aliyefunga mota amegeuza nyaya na feni inapuliza kinyume. Hiace za dizeli, hizi za taksi, feni yake huvutwa na belti kupitia klachi ya feni yenyewe, si ile ya gia. Injini ikiwa moto na imezimwa, ufunguo uwe mfukoni mwako, izungushe kwa mkono. Ikiteleza mizunguko kadhaa bila kukaza, klachi imekwisha.

Linalochemsha likipanda, tuseme njia ya Kapchorwa au Kabale kwenda Kisoro, hapo ndipo rejeta yaweza kuwa na hatia. Kati ya rejeta na kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, hujaa matope, mbegu za nyasi na wadudu, na kwa mbele huoni kitu. Osha kwa maji ya presha ndogo, ukitokea upande wa injini. Maji ya ndani yakiwa na rangi ya kutu, au mtu aliwahi kumimina unga wa kuziba matundu, njia za ndani zimeziba.

Lakini kabla hujafungua rejeta, badilisha mfuniko. Watu huudharau, na kwetu huku ni hatari kuliko pwani. Mombasa maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100. Kampala, karibu mita 1,200 juu ya bahari, ni kama 96, na Kabale yanashuka zaidi. Mfuniko mzima wenye namba ya presha 1.1 hushikilia presha hata maji yavumilie karibu nyuzi 120. Raba yake ikipasuka, kinga hiyo imeondoka. Nunua wenye namba ileile iliyoandikwa kwenye wa zamani, 0.9 au 1.1, usikisie.

Likichemsha mapema tu baada ya kuwasha, pima mipira ya maji kwa uangalifu. Wa juu unaunguza na wa chini ni baridi wakati geji inapanda? Thamostati, kile kilango cha maji kinachofunguka injini ikipata moto, haifunguki. Itoe, uining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni. Iliyoandikwa 82, yaani nyuzi 82, itakuwa wazi vizuri kabla maji hayajatokota. Ukikuta mbovu, weka mpya. Wengi huitoa na kuitupa, ati nchi yetu ni ya joto. Injini nyingine bila thamostati hurudisha sehemu ya maji kwenye injini bila kuyapitisha kwenye rejeta, na asubuhi injini hukawia kupata moto, gari linakula mafuta bure.

Ukimaliza kazi, toa hewa: inua pua ya gari, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, hita wazi, washa, ongeza maji taratibu huku ukiminya mpira wa juu, mpaka mapovu yaishe. Yasipoisha, na mpira ukawa mgumu mara tu baada ya kuwasha, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imeungua. Usiliendeshe tena. Na fundi akikutuma dukani kuleta gasketi, mwambie kwanza afungue hedi na kuipima kwa rula ya chuma mbele yako. Ikiwa imepinda, ipelekwe ikachongwe, ndipo gasketi inunuliwe.