Kufunga kadi ya picha ya nje kwenye kompyuta ndogo ya mezani

Wengi hununua kadi kwanza, halafu ndipo wanauliza itachomekwa wapi. Anza na tundu.

Hatua ya 1. Geuza kompyuta usome alama za nyuma. USB-C yenye alama ya radi ya Thunderbolt inafaa. USB4 hufaa pia, ila si kila mashine yenye USB4 hupitisha PCIe (njia ya data ambayo kadi ya picha hutumia kuzungumza na kompyuta), kwa hiyo soma kwanza maelezo ya mtengenezaji. USB-C ya kawaida haibebi kadi, hata kama tundu linafanana.

Mimi natumia OCuLink, tundu na kebo inayopitisha PCIe moja kwa moja. Thunderbolt 3 na 4 hutangazwa kwa gigabiti 40 kwa sekunde, lakini PCIe hupata 32 tu. OCuLink ya PCIe 4.0 yenye njia nne hufika 64, na kwenye gemu tofauti hiyo unaiona. Huna tundu lake? Ukiwa na nafasi ya ziada ya M.2 ndani ya kompyuta, ile inayokubali SSD ya NVMe, kuna adapta ya kuigeuza.

Hatua ya 2. Chagua kadi yenye memori ya kutosha. Memori ya kadi ikijaa, gemu huenda kuchota kwenye RAM ya kompyuta kupitia kebo ya nje, ambayo ni njia nyembamba, na hapo picha huanza kukwamakwama. RX 6600 ina GB 8 na hula wati 132. RTX 3060 ya GB 12 hula 170. Pawa saplai nzuri ya wati 450 inazitosha zote mbili.

Hatua ya 3. Zima kila kitu. Kaza kadi kwenye doki (kishikilio cha nje kinachounganisha kadi, pawa saplai na kebo), kisha chomeka waya wa umeme wenye pini 6+2. Ule wa 4+4 ni wa prosesa. Usiulazimishe kamwe, utaunguza kadi. Unganisha kebo ya OCuLink, washa pawa saplai, kisha kompyuta. OCuLink usiichomoe wala kuichomeka mashine ikiwa inawaka.

Hatua ya 4. Chomeka skrini kwenye kadi yenyewe. Ukiiacha kwenye kompyuta, kila fremu itarudi kwenye kompyuta kwa kebo ile ile iliyoleta data yake, na utapoteza kasi uliyoilipia. Kisha weka draiva.

Device Manager ya Windows ikionyesha kosa namba 12, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uwashe Above 4G Decoding. Mashine ikiganda katikati ya gemu, shuku kebo kwanza: tumia isiyozidi sentimita 50, au shusha PCIe hadi Gen 3 (kizazi cha tatu, cha polepole zaidi) ujaribu tena.

Kama kwenu umeme hukatika, weka kompyuta na doki kwenye UPS (betri ya akiba) moja. Kadi ikizimika peke yake, kompyuta huganda hapo hapo.

Mwisho, fungua programu ya GPU-Z huku gemu ikicheza. Bus Interface ikisoma x4 4.0, yaani njia nne za PCIe 4.0, kebo inapitisha kila kitu inavyopaswa.