Kupima afya kwa ajili ya viza ya kuhamia Marekani

Daktari wako wa siku zote, hata awe bingwa, hakubaliki. Nenda kwa aliyeidhinishwa na ubalozi, mapema kabla ya usaili. Beba pasipoti, barua ya usaili, picha na kadi za chanjo.

Kadi hizo ndizo zilizonisumbua. Yangu ya utotoni ilipotea, nikachomwa upya surua, pepopunda na homa ya ini B siku moja, mikono yote miwili ikauma. Itafute yako hata kwenye sanduku la mama. Kila chanjo yenye tarehe inakupunguzia sindano. Ukiwa mjamzito sema mara moja, maana chanjo ya surua hapewi mjamzito.

Kuanzia miaka 15 utapigwa eksirei ya kifua, na wenye miaka 18 hadi 44 hupimwa damu kuangalia kaswende. Mapafu yakitiliwa shaka ya kifua kikuu, makohozi huoteshwa maabara hadi wiki 8 kutafuta vijidudu vyake, kwa hiyo usikate tiketi wala kuacha kazi. Dada yangu aliwahi kuugua kifua kikuu. Alisema wazi, akaonyesha cheti cha kumaliza dawa. Nakusihi, usifiche.

Ukikabidhiwa bahasha ya majibu iliyofungwa, usiifungue. Majibu kwa kawaida hudumu miezi 6.